Neno "Coast" Lilivyonishusha Mlima

Hata leo nikisikia pikipiki ikiteremka mlima uso unanichoma. Mkitaka kucheka chekeni tu, maana Chebet, ambaye ndiye ninayetaka kumwoa, hajaacha kucheka.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa karibu na Sotik, mzaliwa wa Kedowa, na nikijua jambo jipya situlii mpaka nimwage kwa mtu. Wiki hiyo darasani niliulizwa kwa nini Waingereza huita pwani coast, halafu kuteremka bila injini nako wakakuita hivyohivyo. Nikachimba. Kumbe neno lilianza kwa Kilatini likimaanisha ubavu, Wafaransa wakalichukua, likawa ubavu wa nchi unapokutana na bahari na pia ubavu wa kilima, ndipo watu wa Amerika waliokuwa wakiteleza vilimani kwenye theluji wakaligeuza kuwa kule kuteremka kwenyewe. Sikulala kwa furaha!

Jumamosi nikatumwa kumchukua Mzee Koech, mjomba wake Chebet, nimlete nyumbani kwa kina Chebet kwa pikipiki yangu. Yeye ndiye angeamua kama wazazi wangu waje kuposa au tusahau, kwa hivyo nilikuwa na wasiwasi (na mimi nikiwa na wasiwasi mdomo haufungiki), nikamweleza ubavu, Wafaransa, theluji, yote, na mzee akitazama barabara tu. Nikadhani hajaelewa. Basi tulipofika juu ya mlima, pale ambapo watu wa boda huzima injini kuokoa petroli, nikamwambia, "Mzee, ngoja nikuonyeshe hilo neno," nikaweka gia free, nikazungusha ufunguo kuzima injini.

Mwanzoni ilikuwa raha, chai pande zote na upepo usoni. Lakini mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, barabara ni udongo mtupu, na injini ikizimwa hakuna cha kukushikilia. Nikakanyaga breki, gurudumu la nyuma likaenda kando, nikaiachilia upesi.

"Mwalimu, washa hii kitu!"

"Nawasha, mzee!" (Sikuwasha. Ningeachilia usukani saa ngapi?)

Chini ya mlima kuna kituo cha kuuzia majani chai, na akina mama walikuwa kwenye foleni na vikapu vyao wakingoja karani awapimie. Nikabonyeza honi, kimya, kwa sababu nilikuwa nimezima kila kitu. Nikapiga kelele, "Tokeni! Tokeni!" Wakaruka, vikapu vikabaki, na sisi tukaviingia.

Nilijikuta kifudifudi, majani mdomoni, mkono wangu umeshika gumboot ya bluu. Nikainua macho nikamwona mama yake Chebet. Sasa mjue, kwao mkwe humsalimia mama mkwe kwa mbali, kwa heshima, na Chebet alikuwa amenionya wiki nzima nisimkaribie, achilia mbali kumgusa. Foleni yote ikageuka kututazama. Mama akavuta mguu wake polepole, akajifunika uso kwa leso, akaenda zake nyumbani, na kikapu chake cha tangu alfajiri kimemwagika kwenye matope, hakuna karani angekipima. Nilitamani kulia, na nafikiri nililia kidogo.

Mzee Koech alikuwa ameketi juu ya rundo la majani, mzima kabisa, akijitoa jani sikioni.

"Mwalimu," akasema, "hiyo neno nimeelewa."

Nikaomba msamaha mpaka nikakauka koo. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, akacheka mpaka karani akaacha mizani.

"Wazazi wako waje. Lakini huu mlima mtateremka na miguu, nyinyi wote. Na usishike mtu!"

Nimeapa neno jipya nitalimalizia darasani, kwenye sakafu tambarare. Siku ya posa ni Jumamosi ijayo. Mama yangu ana goti bovu, na kila akipiga simu anauliza kwa nini pikipiki zisitufikishe mlangoni. Nimemwambia ndiyo mila ya huku.