Kranki Iliyofika Saizi ya Mwisho

Sina uhakika kama mimi ndiye niliyeisikia kwanza. Wateja wawili watatu wanasema walisikia kabla yangu, na inawezekana, maana mtu anayeshinda na injini kila siku masikio yake huzoea. Ninachokumbuka ni asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya kijijini kwetu Ukata, ile inayofanya vidole vikatae spana. Mama mmoja alileta debe la mahindi, akasimama mlangoni, akapaza sauti ili ashindane na injini.

"Baba, mashine yako imeumia mguu?"

"Mguu gani?"

"Inachechemea. Hebu sikiliza."

Nikasikiliza. Chini ya mlio wa kawaida kulikuwa na mwingine mzito, ngo, ngo, ngo, kama mtu anatwanga kinu kilichofukiwa ardhini. Nikamwambia ni mkanda tu umelegea. Sikukusudia kumdanganya. Nilitaka uwe mkanda.

Afadhali nieleze kwa nini nilitaka. Mashine ile ya kusaga haikuwa mali yangu. Ni ya mama mmoja mjane anayekaa Mbinga mjini, nyuma ya stendi. Mumewe ndiye aliyeinunua, dizeli ya silinda moja, akaniajiri mimi niiendeshe na kunipa chumba cha nyuma. Mke wangu alifia katika chumba hicho. Binti yetu akaolewa Njombe, nikabaki na injini. Sasa umeme ulikuwa umeshafika kijijini, na ndugu wa yule mama walikuwa wanamwambia aitoe dizeli aweke mota, na mpwa wake aliyesomea umeme aje aisimamie. Yeye alikuwa anawajibu kwamba injini ya marehemu bado nzima. Kwa hiyo uzima wa injini ndio ulioniweka pale. Ikifa, nirudi kwenye nyumba yangu ng'ambo ya bonde, yenye kahawa kidogo, na hakuna njia ya watu inayopita hapo. Mashineni watu walikuwa wanakuja. Hawakuja kwa ajili yangu, najua, ila walikuja.

Jioni wateja walipokwisha nikaanza kuipima. Nilifunga dizeli kidogo injini ikiwa bado inazunguka, na ile ngo ikalegea. Nikafungua, ikarudi na nguvu. Hapo mkanda ukawa umetoka kwenye kesi. Nikajipa moyo kwamba labda ni pini ya pistoni, ambayo si ghali wala haina kazi kubwa. Lakini pini ikilika sauti yake ni nyembamba, kama kijiko kinagonga kikombe, na hii ilikuwa nzito, inatoka tumboni. Nikamwaga oili kwenye bakuli na kuliinamisha juani. Mle ndani vitu vilimetameta kama magamba ya dagaa. Ilikuwa beringi hiyo, imesagika.

Nikafungua kifuniko cha ubavuni, nikaweka kidole kwenye mkono wa pistoni, kwa mkono mwingine nikalitikisa gurudumu kubwa la injini mbele na nyuma. Gurudumu lilikuwa linatangulia, halafu ndipo mkono unafuata. Katikati palikuwa na nafasi ambayo haikutakiwa kuwepo. Nililitikisa gurudumu lile mpaka giza likaanza kuingia, kama mtu anayerudia kumwita aliyelala.

Kesho yake wanaume wawili waliokuja na magunia yao walinisaidia kuvuta magurudumu, nikaitoa krankishafti, lile fito la chuma lililopindapinda ambalo pistoni inalizungusha. Mahali mkono wa pistoni unapokaa palitakiwa pang'ae kama kioo. Palikuwa na mistari, nikapitisha ukucha, ukanasa. Mmoja wa wale wanaume akasema, "Si upige msasa tu, mzee?" Nikamjibu sijui. Kweli nilikuwa najua, ila sikutaka kuwa mimi wa kutamka.

Niliifunga kwenye kiroba nikapanda nayo basi hadi Mbinga. Fundi wa kuchonga vyuma pale mjini ni mtu wa maneno machache. Aliifuta, akaigeuza, akanionyesha alama iliyogongwa pembeni.

"Hii mkono wangu umeshapita hapa. Unaona? Saizi ya mwisho. Nikichonga tena itakuwa nyembamba, na beringi ya kukaa hapo haitengenezwi."

"Na ukijaza kwa kuchomelea, halafu ukachonga?"

"Naweza. Ila ikikatika watu wamesimama hapo na ndoo zao, usinitafute."

"Kuna wanaoweka bati."

Akacheka. "Bati la kopo la maziwa, nyuma ya beringi. Kelele inakwisha hapo hapo. Halafu bati linahama, linaziba tundu la oili, injini inashika na kukwama." Akairudisha kranki kwenye kiroba. "Hata mimi nimewahi kuweka. Nisijifanye msafi."

Nilimpenda kwa hilo. Ndiye aliyeniambia kwamba kule ziwani, karibu na Mbamba Bay, kuna boti limevutwa mchangani na ndani yake kuna injini ndugu ya hii, na mwenyewe anauza kranki peke yake.

Nikaenda kwa mwenye mashine. Nilimkuta anachambua maharage barazani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anasemaje?"

Nikamweleza yote, pamoja na habari ya boti. Alisikiliza bila kuacha maharage. Mwisho akasema, "Nenda ukaiangalie. Ukisema nzuri nitainunua. Ukisema mbaya nitawaita wenye mota, wameshanichosha. Mimi nafuata mdomo wako."

Nilitoka pale kwenda kutafuta gari la ziwani. Wahenga walikataza kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Mimi nilikuwa nyani na ngedere kwa wakati mmoja. Yule mama hakujua, au alijua akanyamaza. Sijapata jibu la hilo mpaka leo.

Gari liliteremka kona kwa kona, nikavua koti, halafu sweta. Kule chini ni joto na upepo wa ziwa. Mwenye boti alikuwa Mnyasa wa rika langu, amekaa ukingoni mwa boti lake anakula muhogo wa kuchemsha na kipande cha samaki mbasa. Alipoona mikono yangu yenye oili alijua nimefuata nini.

"Mmatengo umeshuka mlima! Maji hayo usiyaangalie sana, utapata kizunguzungu."

"Nimefuata chuma, sikufuata maji."

"Chuma changu kimeogelea kuliko ukoo wako wote."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

Akacheka akanimegea muhogo. Tulikula kwanza. Nasema haya ili nilichokuja kukisema juu ya mali yake kisifanye watu wadhani alikuwa mtu wa hila. Hakunificha kitu. Aliniambia boti lilikuwa linakwenda mpaka siku mbao zilipooza, na injini haikuwahi kumlaza majini. Namwamini.

Nilikuwa nimenunua kwa fundi redio kipande cha waya wa risasi, ule laini wa kuunganishia. Unaukata vipande, unaulaza juu ya kranki mahali pa beringi, unafunga mkono wa pistoni mpaka mwisho, kisha unafungua. Waya unakuwa umebanwa. Ukibaki mnene, pana nafasi kubwa; ukiwa bapa kama karatasi, pamebana vizuri. Unafanya hivyo kwenye pande zote za mviringo, halafu unalinganisha vipande.

Upande wa kwanza, bapa kabisa. Moyo ulinidunda, siwezi kuficha. Upande uliofuata ukatoka mnene. Nikavipanga juu ya ubao wa boti na kuviangalia. Kranki ilikuwa imelika upande mmoja, ule unaopokea pigo la pistoni. Tena kulikuwa na vidoa vya kutu vilivyochimba, vidogo kama vya ndui.

Nikarudia. Mara ya kwanza nilidhani naipendelea, mara ya pili nikadhani naionea kwa kuogopa kuipendelea. Nikamwomba mwenye boti achukue vile vipande, avibonyeze mwenyewe kwa vidole, aniambie kipi kinene. Akachagua kile kile.

"Kwa hiyo?"

"Imekuwa yai."

"Yai si chakula?"

"Ni chakula. Ila halizunguki."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye muhogo wake. "Lakini ukiifunga itawaka."

"Itawaka."

Na hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Ingewaka. Kwa beringi mpya ingesaga mpaka mahindi ya mwaka huo yaishe, pengine hata ya mwaka uliofuata, kisha ingeanza kugonga kama ile nyingine. Kama ningesema "nzuri" nisingekuwa nimesema uongo ambao mtu angeweza kuushika mkononi. Nilikwenda nikakaa juu ya mchanga peke yangu. Watoto walikuwa wanaoga. Kina mama walikuwa wanageuza dagaa. Hakuna aliyenijua, na kwa muda nilitamani iwe hivyo siku zote, halafu nikaogopa kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Nilipanda mpaka barabarani ambako simu ilishika, nikapiga.

"Mama, nimeiona."

"Enhe."

"Inaweza kufanya kazi, ila imelika upande mmoja. Hela yako itakupa kazi ya mwaka, labda na nusu. Siyo ya kununua."

Nikasikia pikipiki ikipita upande wake. "Ungekuwa wewe ndiye mwenye mashine, ungenunua?"

Swali hilo sikuwa nimelitegemea. Nikalipima kama nilivyopima ule waya.

"Mimi ningenunua."

"Mbona unanichanganya?"

"Ningenunua kwa sababu sina pengine pa kukaa na watu. Hiyo ni sababu yangu, Mama. Siyo yako."

Kisha akasema taratibu, "Pole. Basi rudi." Sikumwelewa kama ile pole ilikuwa ya safari au ya nini.

Mota ilifika kahawa ikiwa inamalizikia kuchumwa. Mpwa wa yule mama naye alifika, mtu mzima, ana mke na mtoto mchanga. Nisimsingizie: alinisalimia kwa heshima, akaniomba nimfundishe kubadilisha chekeche na nyundo za kusagia, na aliniambia niendelee kukaa kile chumba mpaka nitakapojisikia. Lakini mkewe alikuwa analala na mtoto kwenye jamvi stoo, karibu na magunia. Nikahama wiki ile ile. Injini walikuja wanunuzi wa vyuma chakavu wakaikata vipande ili ienee kwenye gari. Kranki waliitupa juu ya bati kuukuu kama kuni.

Nyumbani kwangu ng'ambo ya bonde dizeli ilikuwa inasikika vizuri, watu wa huku walijua kama mashine inasaga au imelala. Mota haifiki. Ina mlio wa nyuki waliofungiwa kwenye mzinga, unaishia uani. Kwa hiyo mtu wa huku akitaka kusaga anapanda tu na kubahatisha.

Juzi nilipanda na nusu debe. Ningeweza kungoja lijae. Nilikuta umeme umekatika na kina mama wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, ndoo zimepangwa. Waliponiona wakasogea, nikapata nafasi katikati. Sijawahi kukaa upande ule wa mlango, upande wa wateja.

"Ile ya dizeli isingetukalisha hivi," akasema mmoja. "Baba, si ungeipigania?"

"Ilikuwa imekwisha, mama. Nyie hamkuona ndani."

"Haya bwana, fundi amesema."

Wakacheka, wakarudi kwenye mazungumzo yao ya mtoto wa fulani na mahari ya fulani. Nilikuwa nasikiliza. Mmoja alinipa karanga bila kunitazama, huku anaongea na mwenzake. Mimi sikuwa na la kusema, ila hakuna aliyeniuliza kwa nini nimekaa kimya. Nikaomba moyoni umeme ukawie, nikaona si haki, kuna watu watoto wao wanasubiri ugali. Nikaiacha ile dua katikati.

Umeme ulirudi kabla karanga hazijaisha. Wote waliinuka kwa pamoja, wakashika ndoo. Nikawaambia watangulie.