Tikiti Lililong'aa Kama Ubongo wa Mawazo

Wanawake wa mtaa wa Musaga walikuwa radhi kumngojea Mawazo hata wasusi wengine wakiwa wamekaa bure. Alivuka mpaka kutoka Uvira akiwa bado msichana, na mgongoni amembeba Hugues, mtoto wa marehemu dada yake. Kwa kusuka vichwa vya watu alimlea, akamsomesha mpaka chuo kikuu. Kisha kiharusi kikampiga, na mkono wa kulia, ule uliowalisha wote wawili, ukalala.

Wakati huo Hugues alikuwa mtafiti katika kliniki moja ya binafsi. Yeye na wenzake walikuwa wakipitisha umeme mdogo kichwani mwa wagonjwa, huku mashine kubwa ikipiga picha za ubongo.

"Mama mudogo, ni umeme kidogo tu, kama wa betri," alimwambia. "Utaamusha fasi ya ubongo yenye imelala. Na mashine itatuonyesha."

Mawazo hakuuliza zaidi. Aliingia ndani ya ile mashine yenye kelele, waya zimefungwa kichwani, kwa sababu aliyezifunga ni mwanawe. Siku moja kitambaa kilicholowanishwa na kuwekwa chini ya waya kilikauka, kikamchoma juu ya sikio. Hugues alimpaka dawa taratibu.

"Usimwambie mutu," akasema. "Watakutoa mu recherche, mu utafiti wetu, na tuko karibu kufika."

Mawazo hakumwambia mtu. Baadaye Hugues alimwonyesha picha ya ubongo wake, upande mmoja ukiwaka rangi ya chungwa. "Ni we ule, mama. Umeamuka." Mawazo alilia palepale. Vidole vilikuwa vimeanza kusogea kidogo, basi Jumapili akasimama kanisani, akashuhudia jinsi Mungu alivyotumia mikono ya mtoto wake. Kanisa zima lilipiga makofi, Hugues naye akapiga.

Ndipo akaja Daktari Laure. Alitumwa na watafiti waliokuwa wakiandaa kanuni za kazi ya aina hii, maana kila kliniki ilifanya kivyake: huyu haandiki umeme ulikuwa na nguvu gani, yule hasemi waya zilifungwa wapi, na matokeo yao hayalinganishiki. Aliwaita wagonjwa wote wa akina Hugues katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Mutanga Sud, akawasha picha ukutani.

"Hili ni tikiti nililonunua sokoni," alisema. "Nililifunga waya zilezile, nikaliingiza katika mashine ileile."

Pembeni mwa tikiti, chini ya waya, paliwaka rangi ya chungwa. Watu wakacheka. Mawazo hakucheka, aliijua rangi ile.

"Tikiti halina ubongo," Laure aliendelea. "Waya na umeme huchafua picha. Asiyejaribu kwanza na kitu kisicho na uhai hawezi kujua anaangalia nini."

"Na picha yangu, docteur?" Mawazo aliuliza.

"Picha yako haiwezi kutuambia lolote, mama. Samahani."

"Hugues alijua?"

Laure alimgeukia Hugues aliyekaa kando ya ukuta. "Mjibu wewe."

"Tulijaribu na chupa ya maji," Hugues alisema, macho chini. "Kabla we uingie. Iliwaka pia."

Mawazo akavua kitambaa cha kichwa, akamwonyesha Laure kovu. Laure aliinama akalitazama kwa muda mrefu. Ripoti ya kliniki ilisema hakuna aliyeumia.

Nje, Hugues alimfuata. "Ulikuwa na furaha, mama mudogo. Na mukono unasogea, si uongo."

"Labda ni umeme, labda ni ile mazoezi nafanya kila asubuhi. Sasa mi sitajua tena," alisema. "Lakini nilisimama mbele ya Mungu, nikasema uongo wako. Na we ulinipigia makofi."

Kazi ile ilisimamishwa. Laure aliomba ruhusa ya kuliandika lile jeraha katika kanuni mpya, ili kila kidonda kitajwe, hata kikiwa kidogo, naye Mawazo akakubali. Alipoalikwa kuanza upya matibabu kwa kanuni hizo, akakataa. Jumapili iliyofuata alisimama tena kanisani na kuufuta ushuhuda wake, neno kwa neno. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji alikohoa, kwaya ikaimba.

Mkono wake leo unashika kitana, lakini kusuka haujaweza. Hugues bado huja, na Mawazo humpakulia chakula, humuuliza habari za kazi, kisha hamsikilizi. Juzi alipoitwa hospitali kupimwa presha, Hugues alifika mapema na gari la kuazima. Mawazo alikuwa amevaa tayari.

"Twende, mama."

"Apana, mwanangu. Assia atanisindikiza," alisema, akamwita jirani yake, wakashuka polepole barabarani kutafuta basi.