Daftari la Waingereza, kaye ya kwaya, na nusu ukurasa nilioujaza mwenyewe

Wakuu, salamu popote mlipo.

Kisa hiki nimekiandika mara tatu nikakifuta mara tatu. Leo nakituma kama kilivyo. Sehemu zinazoniaibisha nimeziacha humo humo, maana bila hizo hakuna cha kusimulia. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Ilikuwa 2012, hapa Durban. Mimi ni wa Kigoma. Wakati huo nilikuwa nasoma Honours ya fasihi ya Kiingereza, na nilikuwa nakaa Albert Park, ghorofa ya saba, chumba kimoja na Jules, Mkongo wa Uvira, fundi simu. Lifti ilikuwa imekufa kabla hatujahamia.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani. Mimi ni yule anayeuliza. Mchungaji akisema jambo, nauliza limeandikwa wapi. Akinionyesha, nauliza aliyeandika alijuaje. Nikikaa kwenye kiti dakika kumi naanza kutafuta kasoro ya kiti. Sikuwa natulia kabisa, na nilijiona mwerevu kwa sababu hiyo.

Basi supervisor wangu akanipa kazi: picha za daftari moja la Uingereza la karne ya kumi na saba, kurasa zaidi ya mia.

Ngoja nieleze kidogo, maana hata mimi nilikuwa sijui.

Enzi zile mashairi mengi hayakusomwa kwenye vitabu vya kuchapwa. Mtu alikuwa na daftari lake. Akikuta shairi zuri kwa rafiki, analinakili kwa mkono. Rafiki naye alilipata kwa mwingine. Jina la mtunzi mara nyingi hakuna, au lipo la uongo. Beti zinaongezeka, zinapungua. Unasoma shairi la mapenzi, ukigeuza ukurasa unakuta dawa ya jino. Halafu mwandiko unabadilika, daftari limehamia kwa mtu mwingine. Pembeni kuna jina la msichana limeandikwa mara saba, nadhani alikuwa anajifunza kuandika.

Supervisor aliniambia madaftari mengi ya namna hiyo yalipotea kijinga. Karatasi zake ziliishia jikoni, kuwekwa chini ya mikate.

Kazi yangu ilikuwa kulipiga chapa lile daftari lote kama lilivyo. Kosa liache. Lililofutwa, onyesha limefutwa. Pasipo na kitu, andika kwamba hapana kitu.

Miezi minne nilikaa na ile miandiko. Herufi moja inafanana na nyingine, nyingine imekupa mgongo. Mwishowe nikaizoea kiasi kwamba nikawa naiga. Nilikuwa namwandikia Jules risiti za wateja kwa mwandiko wa miaka mia nne iliyopita, tunacheka.

Sasa kuna ukurasa mmoja shairi linaishia katikati ya mstari. Chini yake nusu ukurasa ni mweupe. Lakini shairi lenyewe linajulikana, liko kwenye vitabu. Nikachukua mistari iliyobaki huko, nikaijaza, nikaendelea na safari.

Supervisor wangu ni mama wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa, hapandishi sauti. Aliweka kidole kwenye ukurasa wangu.

"Huku chini nani ameandika?"

Nikamwambia aliyenakili alichoka tu, mimi nimemsaidia.

"Umejuaje alichoka? Labda aliitwa kula. Labda aliumwa. Labda hakulipenda. Hujui. Paache wazi."

Nikatoka mle ofisini nimekasirika. Niliteremka kwa miguu kutoka chuoni mpaka mjini, robot zote, yaani taa za barabarani, nazivuka nyekundu, madereva wa taxi wananitukana Kizulu. Nikajiuliza nafanya nini. Mtu wa Kigoma, yuko Durban, ananakili marehemu wa Uingereza waliokuwa wananakili marehemu wengine. Nikafika mpaka bandarini, nikasimama kwenye uzio natazama kreni zinapakua makontena. Angalau pale kila boksi lina namba na mwenyewe anajulikana. Nilipanga kuacha kozi.

Wiki hiyo hiyo ndipo Mama Neema alinipa kaye.

Mama Neema alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa letu. Mkongo, msusi wa saluni, mwenye sauti inayojaza ukumbi bila spika. Kaye ni daftari, ndivyo Wakongo wanavyoita. Lile lilikuwa na nyimbo zote za kwaya. Alitembea nalo kutoka Uvira, likapita kambini, likafika Durban. Pini zilikuwa zimeoza kwa kutu.

"Papa, wewe unasomaka mambo ya kaye ya zamani," akaniambia. "Utuandikie kwa mashini, kila mutu apate yake."

Nikafurahi. Hatimaye kazi yenye maana, ya watu walio hai!

Nikatoa pini, nikatenganisha karatasi. Mle ndani ilikuwa vilevile kama kwa Waingereza: miandiko tofauti, namba za simu za nchi tatu, orodha ya dawa, wimbo mmoja umeandikwa mara mbili. Nikasema, hapa hakuna supervisor. Nikasafisha. Penye nyimbo mbili nikachukua iliyo nzuri. Karatasi zilizobaki, marudio na michoro, nikaziweka pembeni.

Jumamosi mchana nikapeleka vijitabu mazoezini. Watu wakashangilia. Mama Neema akafungua chake taratibu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwisho. Akarudi mwanzo.

"Papa, ya Neema iko wapi?"

"Ipi, mama?"

"Ile ya penseli. Wimbo ya maji."

"Ah, ile ilikuwa marudio, mama. Ina makosa mengi. Nimeweka ya mwandiko wako, nzuri zaidi."

Papa Déo, Mrundi anayeimba besi, mtu wa utani kila saa, akanisogelea. Safari hii hakuwa na utani.

"Kijana, kila siku unamwita Mama Neema. Neema unadhani ni nani?"

Wakuu, miaka miwili. Miaka miwili nilikuwa nasema shikamoo Mama Neema, asante Mama Neema. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuwahi kuuliza Neema yuko wapi.

Neema alikuwa mwanawe wa kwanza. Alikuwa na miaka minane. Alifia kambini. Picha yake hakuna. Karatasi ile ya penseli ndiyo kitu pekee alichoacha duniani.

"Karatasi iko kwako?" Mama Neema akauliza.

"Iko mama, iko nyumbani."

Nilipanda ghorofa saba nikikimbia. Karatasi hazikuwepo.

Nikashuka tena, nikakimbilia kwenye kibanda cha Jules. Alikuwa ameinamia simu, bisibisi mkononi.

"Prof, zile za kuchorachora? Nilifungia makava na betri."

"Jules, zile ni za Mama Neema!"

"Eish! Si uliziacha juu ya pipa? Kitu iko juu ya pipa ni ya nani?"

Hapo nikakumbuka mikate ya Waingereza.

Tukageuza kibanda chote. Chini ya kaunta, kati ya chaja mbovu, tukapata karatasi tatu nzima na moja nusu. Hiyo nusu ndiyo ilikuwa ya penseli. Sehemu ya juu tu. Ya chini Jules aliichana akafungia betri ya mteja.

"Mteja gani?"

"Mteja, prof. Alikuja, akalipa, akaenda."

Naomba mniwekee akilini ile karatasi ilivyokuwa. Herufi kubwa za mtoto, mistari mitano. Wa tano ulikuwa unasema: Maji yalikuwa mengi, mkono wako uli. Basi. "Uli", halafu hakuna kitu. Na chini ya mstari huo palikuwa na nafasi nyeupe ya kama vidole viwili kabla ya kufika kwenye mchaniko.

Vile vidole viwili niliviona. Nikajiambia mtoto aliruka mstari, maana wakati nasafisha sikuwa nimeusoma ukurasa ule mpaka chini.

Ningeweza kwenda kumwambia Mama Neema: nimeharibu, nusu imepotea, nisamehe. Jules aliniambia nifanye hivyo. "Mama ule iko na roho nzuri. Sema kweli, atalia, itaisha."

Mimi nikawaza tofauti.

Jumatatu mchana Jules akiwa kazini, nilichukua karatasi tupu ya mwisho ya kaye ile ile, imegeuka manjano vilevile. Nikachonga penseli. Mistari iliyobaki ya wimbo nilikuwa nayo kwenye nakala ya mama yake. Nikauchunguza mwandiko wa Neema: "a" yake ilikuwa wazi juu, "k" mguu mmoja unatoka nje ya mstari, "n" mara nyingine inatazama nyuma. Nikaandika nusu yote ya chini. Hata makosa nilimtungia, mawili, ili yaonekane ya mtoto. Nikaunganisha kwa gundi na kipande cha karatasi kwa nyuma.

Ilinichukua saa mbili. Na niseme ukweli, zilikuwa saa mbili za kwanza kwa miezi mingi ambazo nilikaa bila kuinuka kwenye kiti.

Nikajiambia namfariji mama wa watu. Sidhani. Nadhani nilitaka tu kusiwe na pengo lenye jina langu.

Jumanne nikampelekea saluni. Alikuwa anasuka dada mmoja, kichwa kimefika nusu. Akafuta mikono kwenye aproni, akapokea karatasi kwa mikono miwili. Akainusa. Halafu akaanza kusoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo inatembea. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akafika kwenye "uli".

Kidole kikasimama pale. Hakikuendelea.

"Huku chini nani ameandika?"

Swali lilelile, wakuu. Kama walikuwa wameongea.

"Neema, mama."

Aliniangalia mpaka nikatazama sakafu, nywele zimejaa.

"Hapana, papa. Neema hakumalizaka. Tulikuwa mbele ya hema, mimi naimba, yeye anaandika. Nafika pa mkono wako, naona kichwa iko juu ya kaye. Amelala. Nikasema basi, tutamaliza kesho." Akanyoosha ukingo wa karatasi. "Kesho akaamka na homa."

Yule dada wa nywele alikuwa anatutazama kwenye kioo, hatikisiki.

"Huku chini hakukuwa kitu," Mama Neema akasema. Aligusa mistari yangu, si kwa hasira. "Hapa njo pahali alilala. Wewe umeandika juu ya usingizi ya mutoto wangu."

Nikamwambia yote pale pale. Pipa, Jules, betri, penseli. Hata yale makosa mawili niliyotunga.

Hakulia. Akachukua wembe wa saluni akanipa.

"Toa."

Nikakata mwenyewe. Gundi ilikuwa imeshika. Nusu yangu ikatoka, lakini ikaondoka na ukingo. Katika vile vidole viwili vyeupe, sasa kimebaki kimoja. Alikichukua kipande cha Neema akakiweka ndani ya Biblia, akarudi kwenye nywele za mteja. Nilisimama kidogo, nikaona hakuna cha kusubiri, nikaondoka.

Karibu miezi miwili hakunisemesha. Nilikuwa nakaa nyuma kanisani. Vijitabu vile nilivikusanya vyote, nikavipiga chapa upya. Safari hii niliweka kila kitu: wimbo mara mbili, dawa, namba za simu zisizopatikana tena. Ukurasa wa Neema nikaweka mistari yake mitano mpaka "uli". Chini nikaacha wazi. Kijana wa duka la fotokopi akaniuliza, "Bro, huu ukurasa haujaisha?" Nikamwambia umeisha.

Mama Neema alipokea chake, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa ule. Akakaa nao. Halafu akafunga kijitabu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, papa, simama na besi. Utaimba." Mimi siimbi. Nikasimama. Papa Déo akanipisha, akaninong'oneza, "Ukijaza sauti isiyokuwepo, nakutoa nje."

Kozi sikuacha. Nilirudi kwenye daftari la Waingereza, nikafuta mistari yote niliyowasaidia. Kwenye ule ukurasa niliandika: nusu ya chini haina kitu. Na yule msichana wa pembeni, ambaye mwanzoni nilimruka nikimwona uchafu wa ukurasa, nikaandika jina lake mara saba, pale pale alipoliandika yeye. Kwa nini yule mtu mwingine aliacha shairi katikati, mpaka leo sijui. Huwa namuwaza.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilikuwa nahoji kila mtu isipokuwa mkono wangu mwenyewe. Na mtu anayeuliza maswali mengi anaweza kupita miaka bila kuuliza lile moja lililokuwa mdomoni mwake kila siku.

Sasa zamu yenu. Yule mnayemwita Mama fulani au Baba fulani hapo jirani, mnamjua huyo fulani? Na kama kuna aliyerithi daftari la mtu, barua, hata karatasi yenye mistari miwili, alifanya nayo nini? Tiririkeni, na anayetaka kunisema aniseme, ni haki yake.

Ombi moja tu. Mkininukuu, makosa yangu yaacheni kama yalivyo.