Seva Iliyoikataa Mollo

Siku hiyo shangazi hakunisalimia. Alisema tu, "Njoo hapa. Umeifanya nini Mollo?"

Mollo ni kijijini kwa bibi yangu. Na mimi ndiye mshukiwa wa kwanza wa kila kinachopotea nyumbani kwetu Sumbawanga, maana wiki ile ile nilikuwa nimemwekea shangazi picha ya mbuzi kwenye kompyuta yake.

Shangazi anatunza sauti za wazee wa Ufipa, simulizi na nyimbo. Seva yake, kompyuta ya kuhifadhia sauti hizo, ni ya Unix, kuukuu, ya msaada, inanguruma kama mashine ya kusaga. Diski zake zilipojaa akaletewa sanduku la RAID la kampuni nyingine kabisa, lenye diski nyingi zinazobebana: moja ikifa, zilizobaki zinashika kazi. Wazee walishatoa sharti kwamba kila kijiji kiwe na sehemu yake, hakuna kuchanganya. Huku kwetu hata ulezi wa ndugu wawili hauingii ghala moja bila maneno. Basi shangazi akaikata nafasi ya sanduku vipande, kila kijiji na namba yake. Namanyere ikawa sifuri. Mollo walichelewa kukubali, wakawa nane.

Seva ikaviona vyote isipokuwa Mollo.

"Sijagusa," nikasema. "Mimi nikiiba kijiji nitakificha wapi?"

Hakucheka. Alichungulia mfuko wa shati langu la shule, kama vile Mollo ingekuwa humo. Mimi nilimshuku fundi aliyeleta sanduku. Alilipitisha mpakani Kasesya, na alikuwa anajibu maswali kabla hujauliza.

Shida ni kwamba bibi alikuwa chumba cha pili. Aliletwa kurekodi nyimbo walizoimba wafua chuma kwenye tanuru. Alizipata kwa baba yake, na hakuna mwingine anayezijua zote. Na masikio yake ni mazima.

"Mollo haipo?" akauliza mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mollo haipo?"

Akaanza kukaza kitenge, tayari kwa safari.

Shangazi akafungua ukurasa wa sanduku lenyewe. Mollo ilikuwa pale, nzima. Akarudi kwenye maelekezo ya seva, akasoma, akaguna. Kumbe seva ile, kwa kila anwani ya kifaa kilichounganishwa, inaita namba sifuri mpaka saba halafu inanyamaza, kama mwalimu anayeita mahudhurio ya madawati ya mbele tu. Sanduku ni la kampuni nyingine, halikuujua mpaka huo, likakubali kukatwa zaidi. Nane ilikuwa imekaa inasubiri kuitwa.

"Hakuna mwizi," shangazi akasema, bila kuniomba radhi. "Mama, tuiunganishe Mollo na Namanyere, zikae kwenye namba ile ile."

"Ili kesho waseme nyimbo ni zao?"

"Basi nilipatie sanduku anwani ya pili. Huko namba zinaanza upya. Mollo itakuwa sifuri, peke yake."

"Peke yake." Bibi akamtazama. "Mnatutenga."

"Bibi," nikasema, "kuchanganywa hutaki, kukaa peke yako hutaki. Ukiolewa tena itakuwaje?"

"Nyamaza, mume wangu. Hata hiyo mashine naiamini kuliko wewe." Akalegeza kitenge. "Peke yake. Lakini nione."

Shangazi akaweka anwani ya pili, akaiwasha seva upya. Ikanguruma, ikaita, ikaita tena kwa anwani mpya. Mollo ikatokea. Nilitaka kumsomea bibi, akanisukuma, akaweka kidole kwenye kioo na kusoma herufi moja moja mwenyewe.

Ndipo akaimba. Alipomaliza, shangazi akauliza, "Na ule wa kufungua tanuru, mama?"

"Huo bado. Kwanza nione kama Mollo itakuwepo tukishavuna."

Sasa hunipigia simu kutoka kijijini. "Mume wangu, ipo?"

"Ipo, bibi."

"Umeangalia, au unanidanganya?"

Nainuka, naenda kuangalia. Ipo. Wimbo wa kufungua tanuru bado anao yeye.