Chini ya Tawi Lililoning'inia

Mtaani walimwita Mama Viti, na hata mama mkwe wake alimwita hivyo hivyo. Alikuwa akisuka viti vya henzirani kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, lakini henzirani iliyo hai hakuwahi kuiona. Iliyomfikia ilikuwa imeshamenywa miba, inasubiri kulowekwa pipani. Kuifuata msituni ilikuwa kazi ya mumewe.

"Ile ni jamaa ya mnazi, ila mvivu," mumewe alipenda kumtania. "Haitaki kusimama yenyewe. Inapanda migongo ya wenzake, kama kaka zako."

Henzirani za karibu zilipokwisha, mume akawa anazifuata mbali zaidi, tena peke yake, maana mdogo wake aliyekuwa akifuatana naye aliacha kazi hiyo baada ya tawi kavu lililong'olewa na henzirani waliyoivuta kumkosakosa kichwani. Siku moja akaaga akisema angerudi mapema. Jua likazama, kukapambazuka, hakuonekana.

Asubuhi ile Mama Viti akaenda moja kwa moja kwa yule mdogo wa mumewe.

"Shemeji, kaka yako hajarudi."

"Labda amelala kwenye kibanda cha wapasua mbao."

"Angeniambia. Chukua panga twende."

Shemeji alitazama chini, kisha akachukua panga na kamba.

Msituni Mama Viti alijionea mwenyewe kile alichokuwa akisimuliwa. Vijiti vyembamba vya henzirani vyenye miba iliyopinda kama ndoana vilimshika kitenge, vikamshika nywele, na kila alipojivuta vilizidi kung'ang'ania. Aliita jina la mumewe mpaka sauti ikamkauka. Mchana ulikuwa umeshaingia waliposikia mtu akigonga panga kwenye gogo, taratibu, kama aliyechoka.

Walimkuta ameketi, mguu wa kulia umebanwa kati ya mzizi na tawi nene lililoanguka. Juu yake lilikuwepo tawi lingine, kubwa zaidi, limekatika nusu na kuning'inia kwenye henzirani ileile aliyokuwa akiivuta.

"Msikate kitu," alisema, midomo imepasuka kwa kiu. "Mkikata, lile linanimaliza."

Mama Viti alimnywesha maji. Mguu haukuwa na rangi ya mguu tena.

"Shemeji, kimbia kwa wapasua mbao."

"Ni mbali, shemeji. Na upepo huo, unausikia?"

Aliusikia. Juu kule tawi lilikuwa likilia. Mume akamsihi arudi nyumbani, watoto wasije wakawakosa wote wawili. Mama Viti alipiga magoti chini ya lile tawi, akapitisha mikono kwapani mwa mumewe, akamwambia shemeji atafute mti wa kuinulia. Shemeji alikata mti mbichi pembeni, mbali na ile henzirani, akauchomeka chini ya lile gogo la tawi lililobana mguu, akauegemea kwa uzito wake wote. Gogo halikusogea. Akaegemea tena, huku analia waziwazi. Gogo likainuka kidogo tu, na Mama Viti akavuta. Mume alipiga ukelele ambao mkewe anausikia mpaka leo. Walikuwa wamefika kwenye vichaka upepo ulipolishusha lile tawi, na pale alipokuwa ameketi pakafukiwa majani na miba.

Hospitalini walimkata mguu chini ya goti.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Pipa lilikauka. Mume alishinda kwenye kiti alichosukiwa na mkewe, uso ameugeuzia ukutani, na chakula alichoandaliwa kilirudi jikoni kilivyo. Mkewe alipomwambia kwamba ataenda kukata henzirani mwenyewe, alimshika mkono kwa nguvu.

"Nilitolewa kule ili uende wewe?"

"Sasa tufanyeje, baba watoto? Niambie la kufanya, nami nitalifanya."

Mume akamwachia mkono.

Mama Viti alikwenda msituni na shemeji. Kila shina aliloligusa alitazama kwanza matawi yaliyo juu yake, akaliacha, akahamia jingine. Aliyothubutu kuyavuta mengi yaligoma. Alirudi jioni amechanika mikono, amebeba vipande vifupi visivyotosha hata kusuka kiti kimoja. Alivitua mlangoni, akaketi sakafuni, akalia bila kujificha.

Mume akageuka kutoka ukutani. Kisha akaomba aletewe kisu, akaanza kumenya miba ya vile vipande.