Hodi Kwenye Seva ya Chapwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia chumba cha seva bila kubisha. Mkuu wa Kitengo wa wakati ule, Mnyiha mpole wa Ruanda, ile ya huku kwetu, aliyekuja na kahawa ya shambani kwake kwenye chupa ya chai, alinirudisha mlangoni kama mtoto. "Wewe Namwinga, kwenu mnaingia tu?" Nikabisha, akaitikia, nikaingia. Kisha akainyooshea kidole ile kompyuta kuu. "Na huyu naye je?"

Kampuni yetu ilikuwa ya uwakala wa forodha, pale Chapwa, Tunduma. Seva ndiyo iliyotuma nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia. Ikilala, malori nayo yanalala barabarani. Sasa, kila seva hujiandikia yenyewe mambo yanayoipata, mstari kwa mstari na saa yake: nimewashwa, diski imejaa, mtandao umekatika. Sisi tuliita logi. Wengi hawajui kwamba hata binadamu anaweza kuandika humo. Iko amri moja fupi tu. Unaiandika kwenye lile dirisha jeusi la skrini, unafuatisha maneno yako ndani ya alama za kunukuu, unabonyeza, basi. Mkuu akaniandikisha wa kwanza:

logger -t hodi "Namwinga. Nimefika. Sijagusa kitu."

Hiyo -t ni ya kubandika lebo, ili siku ukitafuta neno hodi uione mistari ya watu peke yake.

"Sasa Mkuu, nani ataitikia?" nikauliza, maana nilikuwa na mdomo.

"Ataitikia atakayekuja baada yako na shida yake. We bisha tu."

Ikawa sheria: usiguse waya, swichi wala betri kabla ya kupiga hodi. Nilitii kwa miaka. Nikahamishiwa ofisi ya Vwawa, nikatii nusunusu. Nikarudi Tunduma nikiwa Mkuu wa Kitengo mimi mwenyewe, nikaacha kabisa, kwa kuwa cheo nacho kinalevya. Nilileta daftari zuri la jalada gumu, fundi aandike kazi na saa, kisha atie sahihi. Fundi wangu, Ambokile, mtu wa milima ya Ileje, nilimwambia, "Baba, hayo ya hodi ni mambo ya wazee. Daftari linatosha." Akajibu, "Sawa mama," kwa ule upole wa Wandali usiokuonyesha kama mtu amekubali au amekuvumilia.

Asubuhi moja mtandao ulikatika. Ambokile alikuta panya wametafuna waya, akavuta mpya, lakini nyaraka zilikuwa zimeshakwama na kazi ya kuzituma upya ikachukua siku nzima. Wateja walifoka. Meneja, aliyekuwa na mwezi mmoja tu tangu atoke Dar es Salaam, akataka mtu wa kumwajibisha. Alifungua daftari langu mbele yetu.

"Mtandao umekatika saa nne na dakika arobaini, kila mtu hapa anajua," alisema. "Hapa umeandika mwenyewe: saa tatu na dakika hamsini, nimebadilisha waya. Umechezea waya uliokuwa mzima, ukaufunga vibaya, ukatuua."

"Bosi, saa niliisoma kwenye simu," Ambokile akasema. "Simu ilikuwa imeshika mnara wa Nakonde."

Sisi wenyeji tulimwelewa mara moja. Wazambia wako nyuma yetu saa moja, na simu ya Tunduma ukiisogeza dirishani tu inavuka mpaka bila pasipoti. Meneja akacheka. "Kila anayekosea, simu yake iko Zambia!" Barua ya kumfukuza ilikuwa tayari mezani, imebaki kutiwa sahihi tu. Ambokile alikuwa na watoto wanne na nyumba isiyoezekwa. Nami niliona aibu, maana daftari lililomtia kitanzini lilikuwa langu.

Niliomba dakika tano. Nilikwenda kwenye seva na kutafuta neno hodi, nikijua sitapata kitu, kwa kuwa ni mimi niliyeikomesha sheria ile. Mistari ikamiminika. Ambokile alikuwa amebisha kila siku, miaka yote. Asubuhi ile mashine ilikuwa imeandika kwamba mtandao umekatika saa nne na dakika arobaini. Chini yake, saa nne na dakika hamsini, kwa saa ya mashine isiyojua Nakonde: "Ambokile. Mtandao umekatika, panya wamekula waya. Nabadilisha."

Meneja aliusoma mara mbili. Hakuomba radhi, ila barua aliichana. Kesho yake alikuja mwenyewe kuuliza hodi inapigwaje.

"Mbona hukuacha?" nilimuuliza Ambokile tulipobaki wawili.

"Mama, ulisema daftari linatosha. Hukusema hodi ni mwiko."

Nilicheka mpaka machozi. Siku hiyohiyo nilirudisha sheria ya Mkuu wangu, nami nikawa wa kwanza kuitii.

Ninyi vijana wa leo mna programu za kulinda mashine, zenye rangi na kengele. Jifunzeni, ni nzuri kuliko zetu. Lakini mashine inajua kilichoipata tu. Kwa nini ulifungua kifuniko chake, hilo utaliandika wewe. Mstari mmoja haukuchoshi, na unaweza kumwokoa mtu ambaye hujamfikiria.

Siku ya kustaafu niliketi mbele ya ile kibodi, nikaandika: "Namwinga. Natoka. Sijaacha kitu wazi." Nikarudisha funguo, nikaenda kufuga kuku.

Wiki iliyofuata Ambokile, ambaye sasa ndiye Mkuu wa Kitengo, alinitumia picha ya logi kwenye simu. Chini ya mstari wangu alikuwa ameandika: "Karibu, mama." Niliusoma nikiwa nimesimama bandani na ndoo ya pumba mkononi, nikalia kwa furaha. Mkuu wangu wa Ruanda alisema kweli. Nimeitikiwa.