Baiskeli Kwenye Ukuta wa Gereza

Askari jela mmoja, aliyebandikwa jina la Chuma kwa ukali wake, aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa gereza miaka kumi na tisa bila kuifunga. Wenzake waliofunga zao kwa minyororo aliwacheka. "Mwizi gani ana roho hiyo? Akiuona ukuta huu tu, miguu inamwisha nguvu."

Jumanne mchana alitoka zamu akakuta ukuta mtupu. Alifura. Akarudi ndani mbiombio, akamvaa mfungwa aliyekuwa akishona viatu, mwizi wa baiskeli aliyekuwa kwenye kifungo chake cha tatu.

"Mnafungwa, mnatoka, mnaiba tena! Hamkomi nyie?"

Mfungwa aliweka sindano chini. "Afande, pale anapoiba mtu hafikirii jela. Anaangalia kama kuna kufuli. Mimi kila mara nilijua sitashikwa."

"Funga domo lako!" Chuma aliipiga meza teke, viatu vikatawanyika.

Alitembea saa nzima juani hadi nyumbani.

"Baba watoto, kwani uliifunga?" mkewe aliuliza.

Alimtukana mwizi mpaka sauti ikamkauka, na kilichomchoma zaidi ni kwamba yule mfungwa hakuwa amesema uongo.